Sindano Saba za Bibi Mkubwa

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi cherehani. Bibi Mkubwa, mama mzaa bibi yake, ndiye aliyemlea. Alipoishiwa nguvu za macho, kila Ijumaa fundi alimtilia uzi sindano zake saba.

Ijumaa baada ya mazishi ya Bibi Mkubwa alizitia tena kwa mazoea, macho makavu, akafunga chumba cha marehemu. Shati la fundi lilikuwa limedondosha kifungo makaburini, hakujali.

Wiki iliyofuata mama yake akamwambia, "Mwanangu, kailete cherehani ya Bibi chumbani kwake."

Akaingia na shati lile lile mwilini; chumbani kulikuwa na giza tupu. Akasikia kt! karibu na kifua chake, kama uzi unaong'atwa.

"Panya tu," akajisemea, akafungua dirisha.

Sindano zote saba zilikuwa tupu. Kile kifungo kilikuwa kimeshonwa shatini, na ncha ya uzi bado ina mate.