Ndege ya Bibi na Mbuzi wa Chilolo

Sogeeni, sogeeni karibu. Mwenye miguu mirefu aikunje, mwenye karanga atafune polepole. Naanza.

Palikuwa na mtoto mmoja, jina lake Nyemo. Nyemo alikaa Chilolo, karibu kabisa na uwanja wa ndege.

Msidhani ni uwanja mkubwa. La hasha. Ulikuwa na njia moja ya udongo mwekundu, kibanda kimoja cha bati, na benchi moja la kungojea.

Palikuwa na mizani ya kupimia mizigo. Abiria naye alipimwa, yeye na kofia yake na kuku wake. Ndege ndogo haitaki uzito wa kubahatisha.

Palikuwa na mfuko mrefu wa kitambaa juu ya mlingoti. Upepo ukija, mfuko unajaa, pff, pff. Rubani akiuona, anajua upepo unaelekea wapi.

Na palikuwa na Bwana Mhina. Bwana Mhina alikata tiketi. Bwana Mhina alifagia mawe njiani. Bwana Mhina huyo huyo aliongea na rubani kwenye redio.

Alikuwa mgeni, ametoka Tanga, hata mwaka hajamaliza. Mambo mengi ya Chilolo aliyajua. Moja hakulijua, na hilo ndilo lililotuletea hadithi.

Zamani, kabla Nyemo hajazaliwa, uwanja haukuwepo. Hapo ndipo mbuzi wa Chilolo walipolamba chumvi. Mtu anagonga debe, ti-ti-ta, ti-ti-ta, na mbuzi wanakuja mbio.

Kisha mvua kubwa ikanyesha, daraja likavunjika. Wagonjwa wakakosa njia ya kwenda hospitali. Watu wa Chilolo wakasema, basi, kama chini hakupitiki, tutapita juu.

Wakang'oa visiki. Wakafukia mashimo. Wakashindilia udongo kwa miguu, puu, puu, wakicheza ngoma mpaka ardhi ikawa ngumu.

Chumvi ikahamishiwa nyuma ya kilima. Watu wakasahau kwamba uwanjani paliwahi kuwa na chumvi. Mbuzi hawakusahau. Mbuzi hasahau chumvi hata siku moja.

Sasa tumrudie Nyemo wetu.

Nyemo alikuwa na Bibi. Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu. Nyemo alipozaliwa, ukungu ulikuwa umeshaingia.

Bibi alimjua Nyemo kwa vidole. Alimjua kwa sauti. Alimjua kwa vishindo vyake mlangoni. Lakini sura ya Nyemo, Bibi hakuwahi kuiona.

Basi Bibi akapanda ndege, akaenda hospitali mjini. Daktari akautoa ule ukungu, taratibu, taratibu.

Bibi akapiga simu nyumbani. Alisema, "Nyemo, narudi na macho mapya. Mtu wa kwanza wa Chilolo nitakayemwona ni wewe."

Jamani, Nyemo alilala hapo? Aliamka kabla ya jogoo. Akavaa gauni lake la njano, akamvuta mama yake mkono mpaka uwanjani. Njia nzima aliimba:

*Ndege yaja, nguu, nguu.*
*Wa kwanza nani? Wa kwanza mimi.*

Akakaa kwenye benchi. Akasimama. Akakaa tena. Mama akamwambia atulie, benchi halijamkosea kitu.

Redio ikakwaruza, krr, krr. Rubani akasema yuko karibu, watu waondoke njiani.

Kila ndege ikikaribia, Bwana Mhina hupiga king'ora, wiiiii. Watu na wanyama wanajua, wanakaa pembeni. Siku hiyo betri ilikuwa imekufa. King'ora kikasema wi, kikanyamaza.

Na katikati ya njia walisimama mbuzi wawili, wanatafuna.

Bwana Mhina hakuwa na wasiwasi. Alijiambia kelele ni kelele. Akachukua debe tupu, akachukua fimbo, akagonga kwa nguvu zake zote. Ti-ti-ta! Ti-ti-ta!

Lahaula. Mbuzi wakainua masikio.

Wakaja mbuzi weupe. Wakaja mbuzi weusi. Wakaja wenye madoa na wenye ndevu, mee, mee, mee. Waliruka mitaro, walipita chini ya uzio, wakajaa njiani.

Bwana Mhina akashangaa. Akaona labda hawajasikia vizuri. Akagonga zaidi. Wakaja zaidi.

Wahenga walisema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Hawa hawakuwa na kamba.

Mama akakimbia akipunga khanga. Bwana Mhina akakimbia na ufagio. Mbuzi wakasogea kidogo huku, wakasogea kidogo kule, wakarudi pale pale. Mmoja akautafuna ufagio.

Nyemo alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasikia juu, nguuu, nguuu.

Ilikuwa ndege. Ilishuka, ikashuka, ikawaona mbuzi. Ikainua pua, nguuuuu, ikapanda tena juu.

Redio ikakwaruza, krr, krr. Rubani akasema, "Chilolo, nazunguka kidogo tu. Mbuzi wasipoondoka, narudi mjini."

Ndege ya Chilolo huja mara moja kwa wiki. Nyemo alilijua hilo. Kicheko kikamwisha. Akatazama juu, akatazama mbuzi.

Akakimbia kwa Bwana Mhina, akamshika shati. "Mjomba, usigonge debe. Unawaita."

Bwana Mhina akauliza anawaita wapi. Nyemo akamwambia anawaita kulamba chumvi.

Bwana Mhina akaliweka debe chini kama limemuunguza. "Masikini mimi," akasema. "Kwetu Tanga, debe linafukuza nyani shambani."

Mama akawaza haraka. Kama debe linaita, basi liwaite mbuzi mbali na hapa, mpaka nyuma ya kilima. Akaliokota, akagonga, akaanza kutembea. Mbuzi wakamtazama tu. Wale si wajinga. Mama huwapa maganda ya viazi, chumvi hawapi.

Anayewapa chumvi kila jioni nyuma ya kilima ni Nyemo.

Mama akamtazama Nyemo. Nyemo akatazama juu. Ndege ilikuwa inazunguka, nguu, nguu.

Akienda na mbuzi nyuma ya kilima, ndege itatua yeye hayupo. Bibi atashuka, na wa kwanza atakuwa mtu mwingine. Asipoenda, Bibi hatatua kabisa.

Machozi yakamjaa. Hakutaka kwenda. Hakutaka hata kidogo.

Akanyoosha mikono, akasema, "Nipe debe, Mama."

Akagonga, ti-ti-ta, ti-ti-ta, akaenda mbele. Mbuzi wa kwanza akamfuata. Wa pili akamfuata. Kisha wote, mee, mee, mee, vumbi juu kwa juu.

Nyemo alitembea akilia kidogo na kuimba kidogo:

*Mbuzi njooni, mee, mee.*
*Wa kwanza nani? Si mimi tena.*

Akasikia ndege inashuka nyuma yake. Alitamani kugeuka. Lakini akigeuka yeye, mbuzi nao watageuka. Hakugeuka.

Nguuuu. Dudu-dudu-dudu, magurudumu kwenye udongo. Kisha kimya. Ndege imetua, na Nyemo yuko nyuma ya kilima na mbuzi.

Akawamwagia chumvi kutoka kwenye gunia linalokaa pale kando ya jiwe la kulambia. Mbuzi wakalamba, lap, lap, lap, wala hawakumwambia ahsante. Mbuzi hawana adabu.

Kisha akakimbia. Gauni la njano likawa jekundu kwa vumbi. Kiatu kimoja kikamchomoka mguuni, akakiacha.

Uwanjani watu walikuwa wamesimama pamoja. Walikuwa wanacheka. Nyemo akapenya katikati ya miguu yao, akamwona Bibi.

Bibi alikaa kwenye benchi, amejifunika khanga usoni, gubigubi. Hata ncha ya pua haikuonekana.

Bwana Mhina alikuwa amemshika mkono kumshusha ngazini, naye Bibi alikataa kumtazama. Mama akamwamkia, akaitikia marahaba ndani ya khanga. Majirani wakamwambia afunue awaone. Bibi akawajibu kwamba salamu zao anazipokea, sura zao zisubiri zamu.

Nyemo akasimama mbele yake, anahema, hah, hah. "Shikamoo, Bibi. Nimechelewa."

"Marahaba," akasema Bibi. "Hujachelewa, mjukuu wangu. Bado sijafungua."

Akaishusha khanga. Polepole. Akafungua jicho moja, akafungua na la pili.

Akatazama. Watu wote wakanyoosha shingo. Mfuko wa upepo ulikuwa umetulia juu ya mlingoti.

Bibi akatazama nywele. Akatazama mashavu yenye michirizi ya machozi. Nyemo akatabasamu, na Bibi akaliona tabasamu lenyewe.

"Kumbe una mwanya," akasema Bibi taratibu. "Miaka yote hii una mwanya, na hakuna aliyeniambia."

Kisha akauliza kama vumbi lote lile ni la Nyemo. Nyemo akamwambia ni la mbuzi, akamsimulia yote, debe na chumvi na ufagio uliotafunwa. Bibi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akayafuta kwa uangalifu, kwa sababu daktari alikataza kusugua.

Baada ya hapo akawaita wengine, mmoja mmoja. Zamu ya Bwana Mhina ilipofika, aliomba radhi kwa kuita mbuzi uwanjani. Bibi akamwambia asijali, mgeni hufundishwa. Akamwalika kesho aje kula ugali na mlenda, ajifunze na hilo.

Jioni, Nyemo aliogeshwa. Maji ya kwanza yalitoka mekundu, maji ya pili yakatoka meupe kidogo.

Akapanda kitandani, amechoka hoi. Bibi akaketi ukingoni, taa ikiwa mezani. Alikuwa anamtazama tu.

Nyemo akapiga miayo. Akafungua jicho moja, Bibi yupo, anatazama. Akafungua tena, Bibi yupo.

"Bibi, nawe fumba macho ulale."

"Fumba wewe, mwanangu," akasema Bibi. "Mimi yangu nimeyafumba vya kutosha."

Nyemo akacheka, akajifunika, akafumba. Akalala fofofo. Na Bibi akaendelea kumtazama.