Penseli Nyekundu

Rafiki yangu mhariri, mtu wa kudharau hata kivuli chake, alishuka peke yake stoo ya chini kuchukua mswada wa riwaya: vijana wa leo wanapotea pangoni, wanakutana na watu wa kale. Akaufungua palepale.

"Eti hawa watu wa kale, wanyama tu, wachonge kitu kikali! Upuuzi mtupu!" Akayaandika hayo pembeni kwa hasira, mpaka ncha ya penseli ikavunjika. Akaitupa mezani.

Umeme ukakatika. Gizani akasikia jiwe likigonga jiwe, kisha kitu kikikwangua taratibu, karibu kabisa na kiwiko chake.

"Nani huyo mjinga?" akafoka.

Taa ziliporudi, penseli ilikuwa imechongwa, kali kama sindano. Kando yake kilikuwepo kipande cha jiwe, bado kina joto la kiganja.