Kisanduku cha Siku ya Kumi na Tisa

Kila ilipotimia saa kumi na moja jioni, msichana mmoja wa miaka kumi na miwili aliacha chochote alichokuwa akifanya, akanawa mikono, akaenda kwenye dirisha la jikoni. Nyumbani walimwita Bi Mbona, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakuna jibu lililomtosha. Ukimwambia jua limezama, atakuuliza mbona halikutoa sauti.

Dirishani zilipangwa chupa sita za kioo zenye konokono wa maji. Tatu zilikuwa na maji ya kawaida, na tatu nyingine maji yaliyopashwa kidogo kwa taa. Bi Mbona alihesabu mafungu ya mayai yaliyobandikwa kwenye kioo, laini na yenye kung'aa kama gundi, akaandika namba daftarini. Kisha aliyabandua yote na kuyatia kwenye beseni, ili hesabu ya kesho ianze upya.

Konokono hao walikuwa wa dada yake. Dada alikuwa na shahada mbili za biolojia, na sasa alitafuta nafasi ya kusomea ya tatu, shahada ya uzamivu, ile inayomfanya mtu aitwe daktari hata kama hajawahi kumchoma mtu sindano. Jambo hilo lilimchekesha sana mama yao, ambaye alikuwa muuguzi.

"Mimi nimechoma watu sindano miaka ishirini, na hakuna anayeniita daktari," alisema Mama. "Wewe utaitwa kwa kuhesabu mayai ya konokono!"

Kicheko hicho hakikudumu. Msimu wa usaili ulipofika, nyumba iligeuka chumba cha mtihani. Redio ilizimwa. Mlango wa choo ulipakwa mafuta ili usilie. Dada alikaa mbele ya kompyuta akijibu maswali ya maprofesa walio mbali, na kila alipofikia neno muhimu, ama mtandao ulikatika, ama seremala wa jirani aliwasha msumeno wake.

"Dada, mbona umevaa blauzi ya heshima na kaptura ya kulalia?"

"Kwa sababu kamera inaishia kifuani. Toka!"

Baada ya vyuo vitano kumkataa, vilibaki viwili. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, chenye jengo la ghorofa tisa na hadubini yenye ukubwa wa kabati. Hicho kilimwita aende mwenyewe kwa siku nne. Cha pili kilikuwa kidogo, na kilitaka kumsaili kwa kompyuta atakaporudi. Asubuhi ya safari, Dada alimkabidhi mdogo wake daftari kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga.

"Safari hii sipo kukukagua. Usikose hata siku moja. Hesabu hizi ndizo nitakazowaonyesha. Nakuamini."

"Hata moja," aliapa Bi Mbona.

Siku ya kumi na nane ya jaribio alihesabu vizuri. Siku ya kumi na tisa shule yao ilicheza fainali ya mpira wa pete. Mchezo ulichelewa kuanza, wakashinda, wakaimba njia nzima. Alipofika nyumbani giza lilikuwa limeingia jikoni, miguu inamuuma, na kuzihesabu zile chupa sita kulionekana kazi ya usiku kucha. Alilifungua daftari. Kisanduku cha siku hiyo kilikuwa kitupu, na utupu ule ulimtazama kama jicho la mwalimu wa zamu.

Alitazama namba za jana: saba, nne, tisa, tatu, tano, nane. Kuzinakili zilivyo kungemfichua, hakuwa mjinga kiasi hicho. Basi akaongeza moja kwa kila chupa, akaandika nane, tano, kumi, nne, sita, tisa. Akaona amefanya jambo la akili sana, akalala.

Dada alirudi akiwa na uso mkavu. Chuo kikubwa kilimkubali, lakini alisema tu, "Tutaona." Alizipanga hesabu zote kwenye jedwali, akalituma kwa vyuo vyote viwili, akaanza kujiandaa kwa usaili wa mwisho. Bi Mbona alipewa kazi ya kukaa mlangoni na kumbembeleza seremala asiwashe msumeno. Kwa hiyo alisikia kila neno.

Profesa wa chuo kidogo alikuwa mwanamke aliyepandisha miwani juu ya paji la uso, akisoma kwa kusogeza karatasi karibu na pua.

"Kazi yako imepangika," alisema. "Ila nisaidie hapa. Siku ya kumi na tisa, chupa zote sita zimeongezeka moja moja. Za joto na za kawaida, sawasawa, kama askari kwenye gwaride. Halafu siku ya ishirini mayai ni karibu maradufu. Konokono wako walipatwa na nini?"

Dada alilitazama jedwali lake. "Sijui, Profesa. Nilikuwa safarini. Mdogo wangu ndiye aliyehesabu."

"Umemuuliza?"

"Hapana."

"Muulize, kisha uniandikie," alisema Profesa kwa upole, na kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

Bi Mbona alihisi masikio yanawaka moto. Dada aligeuka taratibu.

"Siku ya kumi na tisa ulihesabu?"

"Nilihesabu."

"Chupa zote?"

"Zote! Mbona hamniamini?" Akatoka nje akibamiza mlango, akaupiga teke ukuta, ukamuumiza kidole. Alimkasirikia Profesa, akaukasirikia mpira wa pete, akawakasirikia hata konokono kwa kutaga kupita kiasi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake iliishia saa kumi na moja jioni ile ile. Alisimama dirishani, kalamu mkononi, akashindwa kuandika. Kama namba moja ilikuwa ya uongo, nani angejua zipi zilikuwa za kweli?

"Dada," alisema bila kugeuka. "Siku ile sikuhesabu. Nilibuni."

Dada alishusha kikombe mezani kwa nguvu hata chai ikamwagika. "Miezi mitatu nahangaika, vyuo vitano vimenikataa, nawe unabuni? Ningejua ningemwachia paka daftari! Paka angalau hajui kuandika!"

Mama, aliyekuwa akijiandaa kwenda zamu, alisimama mlangoni na viatu mkononi. Aliwatazama wote wawili, akavivaa, akaondoka.

Dada alizunguka jikoni, akakaa, akainuka. "Nitamwambia taa iliharibika," alisema hatimaye. "Umeme ulikatika, joto likayumba. Ataamini. Nikisema kweli, nitapoteza vyuo vyote viwili."

Bi Mbona alifuta machozi kwa mgongo wa mkono. "Mbona mimi nimesema, na wewe husemi?"

  Dada aliivuta kompyuta kwa ghadhabu na kuandika barua moja kwa vyuo vyote viwili. Alieleza kwamba siku ya kumi na tisa hapakuwa na hesabu, kwamba ya siku ya ishirini ilikuwa ya siku mbili, na kwamba kosa lilikuwa lake pia, kwa kutozikagua namba hizo kabla ya kuzituma.

Jibu la chuo kikubwa lilikuja asubuhi. Dada alilisoma kwa sauti: "Chukua wastani wa siku ya kabla na ya baada, uendelee. Hakuna atakayeuliza. Tunasubiri uamuzi wako kufikia Ijumaa."

"Wamekusamehe!" Bi Mbona alirukaruka.

"Wamenisamehe haraka mno," alisema Dada. "Jaribio langu likiharibika mwaka wa tatu, profesa wao ataniambia nitie wastani."

Chuo kidogo hakikujibu siku ile, wala iliyofuata. Ijumaa ilifika. Dada alikula kucha badala ya chakula, akatazama barua pepe hata wakati wa kupiga mswaki. Adhuhuri jibu lilikuja. Profesa alimtaka aache kisanduku wazi na aandike sababu pembeni. "Mwambie mhesabuji wako," alimalizia, "kwamba leo naziamini namba zake nyingine kuliko nilivyoziamini wiki iliyopita. Nafasi ni yako ukiitaka. Hadubini zetu ni kuukuu."

Dada alicheka kwa mara ya kwanza tangu msimu uanze. Aliiaga hadubini yenye ukubwa wa kabati, akakichagua chuo kidogo. Kisha akamwita mdogo wake.

"Nilikwambia usikose. Sikukwambia ufanye nini ukikosa. Hapo niliteleza. Lakini kubuni ni kosa lako."

"Ni langu," alikubali Bi Mbona.

Dada aliposafiri, chupa zilibaki chini ya ulinzi wa mdogo wake. Siku moja Mama, akitoka zamu, alilifungua daftari na kukuta mahali palipoandikwa kwa mwandiko wa duara: *Sikuhesabu. Nilisahau. Mayai ya kesho yatakuwa ya siku mbili.*

"Mama, mbona hukunigombeza siku ile niliyokiri kubuni?"

Mama alikaa, akavua viatu. "Nilikuwa nawaza wodi yangu. Kila mgonjwa ana karatasi yenye visanduku vya joto la mwili. Nikikuta kisanduku kitupu, nachukua kipimajoto, naenda kitandani kumpima. Nikikuta namba ya uongo, nampita, na huenda anaungua kwa homa. Kukosa ni aibu ya siku moja, mwanangu. Kuficha kosa ni kumwachia mwenzako alipe. Ukishindwa kazi, acha pawe wazi, ili mwingine ajue pa kwenda."

Bi Mbona aliitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja kamili. Akaenda kunawa mikono.