Mshale Ulipovuka Alama Nyekundu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kitinda alifagia uwanja, akachota maji, kisha akafungua boneti ya pikapu ya baba yake na kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Kazi hiyo ilikuwa ya mama. Mama alikuwa akikifuta kijiti, anakitumbukiza tena, anakichomoa na kusema, "Ameshiba," kana kwamba gari ni mtoto. Kitinda alijaribu kusema vivyo hivyo, lakini neno halikutoka na utamu ule.

Mama alikuwa ng'ambo ya mlima akimuuguza bibi aliyevunjika nyonga. Alikwenda wakati mahindi yanapandwa, na sasa yalikuwa yamekwisha kuvunwa. Sweta aliloliacha nyuma ya mlango lilikuwa limepoteza harufu yake. Kitinda alikuwa amelinusa mno, mpaka likawa linanukia Kitinda mwenyewe.

Bibi alikuwa amepata nafuu ya kusafiri, ila hakuweza kukaa kwenye kiti cha basi. Ilibidi alazwe kwenye godoro, nyuma ya pikapu. Tatizo lilikuwa pikapu yenyewe. Mara ya mwisho baba alipoupanda mlima, oili ilipata moto ikawa nyepesi kama maji, injini ikaanza kugonga, naye akageuza njiani akarudi peke yake.

Fundi wa mtaani aliitwa Kimya, ingawa hakuna aliyewahi kumkuta amenyamaza. Alifunga kipoza oili, kitu kama rejeta ndogo alichokitoa kwenye lori bovu. Alikiweka mbele kabisa, nyuma ya wavu, ili upepo wa mwendo ukipulize. Ndani ya gari akafunga geji ya joto la oili, na kwenye mia na ishirini akachora alama nyekundu. Alieleza kwa kirefu kwamba kifaa kigeni ni kama mkwe mgeni, hasifiwi siku ya kwanza. Wapakie mawe, wakipande kile kilima cha nyuma ya mji, na mtu autazame mshale muda wote. Mshale ukivuka nyekundu, hakuna safari mpaka sababu ijulikane.

Baba angekuwa akitazama barabara, kwa hiyo kazi ya kutazama geji ikawa ya Kitinda.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kitinda alitaja namba kama mtangazaji wa mpira, na baba akacheka kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau. Jioni ile Kitinda alichukua kipande cha turubai na rangi iliyobaki ya geti, akaandika kwa herufi kubwa: KARIBU NYUMBANI MAMA. Alitaka mama ayaone maneno hayo gari likiwa bado mbali. Kesho yake akalifunga turubai mbele ya pikapu, kutoka taa hadi taa. Baba akasema limependeza.

Walipopanda kilima mara ya pili, mshale haukutulia. Ulipita mia, ukapita mia na kumi, ukagusa nyekundu, ukaivuka.

"Ngapi?" baba aliuliza, macho yake barabarani.

Kitinda aliutazama tena mshale. Akisema, safari imekufa.

"Mia na kumi," alijibu.

Kileleni baba alisimama akampigia mama simu. Akamwambia kesho alfajiri wanaondoka. Kisha akampa Kitinda simu. Mama alisema bibi ameomba asukwe nywele tangu asubuhi, na kwamba yeye mwenyewe atakaa naye nyuma, amshike asitikiswe. Akilini, Kitinda alimwona mama yake pale nyuma, amemkumbatia bibi, injini ikizimika katikati ya mlima na gari likianza kurudi kinyumenyume.

Jioni Kitinda aliacha chakula akatoka nje. Baba alikuwa akikung'uta godoro uwanjani huku akipiga mluzi.

"Baba, haikuwa mia na kumi. Mshale ulivuka nyekundu."

Mluzi ulikatika. "Na ukanyamaza."

"Namtaka mama."

Baba alikaa juu ya godoro, akalipapasa. "Hata mimi namtaka," alisema. "Lakini pale barabarani, mwanangu, sina macho mengine ila yako."

Hakumchapa. Kitinda aliona afadhali angemchapa.

Asubuhi walikwenda kwa fundi. Kimya alilizunguka gari, akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza akaishiwa maneno. Kisha akauliza ni nani aliyemziba mgonjwa pua kwa shuka. Turubai lilikuwa limezuia upepo wote, na kipoza hakikupata hata pumzi. Kitinda alitamani ardhi ipasuke. Kimya alimwambia kwamba angesema jana pale pale kilimani, kazi ingekuwa ya kufungua mafundo tu. Sasa oili ilikuwa imeungua. Ilibidi imwagwe, injini ikaguliwe, kilima kipandwe upya. Safari ikasogezwa hadi wiki iliyofuata.

Kitinda aliomba amweleze mama mwenyewe. Alieleza yote. Upande wa pili bibi alisikika akikohoa.

"Kukungoja nimezoea," mama alisema. "Kukupoteza ndiko nisikokuweza."

Bila turubai, mshale ulipanda hadi mia na tano ukatulia hapo, siku ile na siku zilizofuata. Wiki iliyofuata waliuvuka mlima, wakamlaza bibi kwenye godoro, mama akakaa kando yake. Njiani kurudi, mama aligonga kioo cha nyuma. Kitinda alitamani kugeuka mpaka shingo ikamuuma. Lakini walikuwa katikati ya mwinuko. Aliendelea kutazama geji na kumtajia baba namba, moja baada ya nyingine.

Kileleni baba alisimama ili injini ipoe. Kitinda aliruka chini akakimbilia nyuma.

"Nimekugongea, hukunitazama," mama alisema.

"Nilikuwa naangalia mshale."

Mama alimvuta juu, akamkalisha kati yake na bibi. "Basi umejifunza," alisema. "Kuwa na hamu si kosa, mwanangu. Kosa ni kuiachia hamu isome geji. Mtu akikuuliza njiani, mwambie kilichopo, si unachokitamani. Ndivyo watu wanavyofika."

Bibi, aliyedhaniwa amelala, alisema kwamba yote hayo ni kweli, ila godoro hilo ni la mtu mmoja. Hakuna aliyesogea.