Njoo Kesho

Visa kama hiki kwa kawaida humpata jirani, au shemeji wa rafiki. Mimi sina wa kumsingizia. Kilinipata mwenyewe, Jumamosi saa tisa alasiri, nikiwa sebuleni kwenye cherehani, nageuza ukosi wa shati la mteja.

Binti yangu wa miaka saba alikuwa nyuma ya nyumba, penye tangi la maji, akicheza peke yake. Nyumba hii ni ya marehemu mama, naye alikuwa fundi kama mimi. Mtoto akaingia, akaniegemea.

"Mama, mwenzangu anauliza, nguo yake iko tayari?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikajibu bila kufikiri, kama tujibuvyo mafundi wote. "Mwambie aje kesho."

Akatoka mbio. Nikacheka kidogo. Kisha nikamkumbuka Kidoti, na pini zikaniponyoka.

Kidoti alikuwa mtoto wa jirani. Tulipokuwa wadogo alijibunia mtoto asiyeonekana, akamwita Mgeni, na mtaa mzima ukamwamini. Tukicheza baba na mama penye tangi hili, watoto walimpisha Mgeni njiani, wakampakulia ugali wa mchanga, wakagombania kumbeba mgongoni. Mimi nilikuwa na vitambaa vya kweli, vifungo vya kweli na mama fundi, lakini hakuna aliyenigombania. Nilimwonea Kidoti wivu mpaka chakula kilikuwa hakipiti.

Siku moja akamleta kwangu. "Fundi, mpimie mwanangu gauni."

Nilichukua kipande kirefu cha uzi mwekundu, nikapima hewa mbele ya watoto wote: bega, kifua, urefu. Kila kipimo nilikipigia fundo, kama mama alivyofanya futi yake ya kupimia ikipotea. "Njoo kesho," nikamwambia.

Kesho yake nikasema njoo kesho. Na kesho yake tena. Watoto walivunjika mbavu, maana nani asiyewajua mafundi? Kidoti peke yake hakucheka. Baada ya wiki mbili alikuja analia, akaninong'oneza, "Anasikia baridi. Mshonee tu, fundi." Nilifurahi kumwona analia. Sikushona.

Kisha wazazi wake wakahama. Siku ya kuondoka aliniinamia sikioni. "Simchukui. Anasubiri nguo yake kwako."

Gari lilipopotea nilikimbia penye tangi, nikamwita Mgeni. Sasa ni wangu! Hapakuwa na kitu. Mimi sikujaliwa macho ya Kidoti. Nililia kwa hasira, nikasahau kwa miaka thelathini.

Jumapili binti yangu alikataa kukaa mapajani mwangu. "Mwenzangu atanuna," alisema. Alikula upande mmoja wa sahani na kuuacha wa pili. Mama mwenye akili angeogopa. Aibu yangu ni hii: kwanza niliona wivu. Wivu ule ule wa utotoni.

Jumatatu sare yake ya shule ilimpwaya. Nilikuwa nimeishona wiki iliyopita, kifua inchi ishirini na nne. Nikampima. Ishirini na mbili. Jumanne, ishirini na moja. Hana homa. Anakula. Mikono ya baridi.

"Mwenzako anasemaje?" nikanong'ona.

"Anasema kesho zako amezichoka. Atanivaa mimi."

Nililimwaga kopo la vifungo la mama. Uzi mwekundu ulikuwa chini kabisa, na mafundo yake. Mama hakutupa kipimo cha mtu, hata cha mchezo.

Nikafunga mlango. Wateja waligonga, sikufungua. Nilikata kitambaa bora nilichonacho, nilichojiwekea mwenyewe. Nikafuata mafundo. Saa kumi gauni lilikuwa tayari. Nikalitundika kwenye bomba la tangi.

"Mgeni," nikasema. "Nisamehe. Chukua."

Hakuna kilichotikisika. Nikageuka kumtazama mtoto mlangoni. Nilipogeuka tena, bomba lilikuwa tupu.

Jumatano kifua cha binti yangu kilikuwa inchi ishirini na nne. Nilimkumbatia mpaka akalalamika. Amerudi kuwa wangu, wangu peke yangu, nikasema moyoni.

"Amelipenda gauni," alisema akiwa kifuani kwangu. "Lakini linambana."

Nikamwachia.

"Umetumia vipimo vya zamani, mama. Amekua. Sasa analingana na wewe." Akanitazama. "Nguo zangu hazitaki tena. Hazimtoshi."

Gauni nililikuta juu ya cherehani, limekunjwa vizuri. Mishono ya kwapani imefumuka pande zote mbili. Juu yake, ule uzi. Mafundo ya zamani yamefunguliwa, yamefungwa mapya, yakiwa yameachana zaidi. Niliuweka begani kwangu. Nikauzungusha kifuani. Nikauachia mpaka chini ya goti.

Vipimo vilikuwa vyangu, vyote vitatu.

Jana sketi yangu ilinipwaya, nikaipunguza inchi moja. Leo asubuhi, mbili. Namshukuru Mungu mtoto ni mzima, anacheza penye tangi kama zamani. Namsikia hapa nilipo, na sindano mkononi. Ameita, "Mama!" Nikafungua mdomo niitike.

Huko nyuma, kuna aliyeniwahi kuitika.