Mkandaji wa Siku Arobaini

Kitu cha kwanza kilichomtia Warda shaka kilikuwa harufu ya udi. Udi si kitu kigeni kwa mwanamke aliyeolewa Kilwa Kivinje, lakini yeye aliunusa akiwa amelala chali juu ya meza ya upasuaji, amechomwa sindano ya mgongo, miguu imekufa ganzi, na kitambaa cha kijani kimetundikwa mbele ya uso wake asione anavyopasuliwa. Chumba kile kilinuka spiriti na dawa ya kusafishia sakafu. Udi ungetoka wapi?

Kisha mkono ukamshika mkono wake wa kushoto. Ulikuwa mkono wa mwanamke, mkavu, wenye joto kupita kiasi.

"Tulia, mzazi," sauti ilimwambia karibu na sikio. "Anayetolewa dirishani naye ni mtoto."

Mara kilio kikasikika, na mtoto wa kike akainuliwa juu ya kitambaa.

Kesho yake, wakati akisubiri kutoa hewa ili aruhusiwe kunywa uji, Warda alimshukuru nesi Skolastika kwa kumshika mkono. Skolastika alicheka.

"Mimi? Mimi nilikuwa upande wa mtoto. Na mkono wako wa kushoto ulikuwa na kipimo cha presha, umefungwa kwenye ubao. Ni dawa hizo, mama. Juzi mwenzako kitanda cha pili alimwona marehemu babu yake anapiga deki."

Warda naye alitaka kucheka, ila mshono ukamkataza.

Siku ya tano waliruhusiwa. Skolastika alimweleza mama mkwe wake, Bi Kibibi, taratibu zote: mzazi asinyanyue ndoo, akikohoa ashike tumbo, akiinuka aanze kwa ubavu. "Na tumbo lisikandwe, bibi. Nawajua nyinyi watu wa pwani na maji yenu ya moto. Hapa pana mshono."

Bi Kibibi alisikiliza kwa adabu. Alikuwa mtu wa kumbukumbu. Kila mtoto aliyezaliwa katika nyumba yao alimjua kwa siku, kwa saa, na kwa jina la mwanamke aliyemkanda mama yake. Wakandaji wote alikuwa nao kichwani, isipokuwa mmoja. Ndani ya bajaji alisubiri mpaka walipoingia Kivinje.

"Mzazi asiyekandwa," alisema, akitazama nje, "mimi bado sijamwona."

Warda aliliweka neno lile moyoni. Alikuwa mtu wa Mchinga, mgeni katika nyumba ile kwa mwaka mmoja tu, na tangu siku ya ndoa alihisi anapimwa. Sasa hata kuzaa kwake kumeonekana kuna kasoro.

Kwa hiyo siku ya sita, ilipofika saa nne asubuhi na mwanamke mmoja mrefu mwenye buibui akaingia chumbani na beseni la maji, Warda hakuuliza kitu. Alijua kabisa: mama mkwe ameshindwa kuvumilia, ameleta mkandaji.

"Nikuite nani, bibi?"

"Mkandaji. Jina halikandi."

Hakumgusa tumbo. Alimkanda miguu, mgongo na mabega. Maji ya beseni yalikuwa yanatokota, majani ya mwarobaini yanazunguka juu, naye alichovya mikono mpaka kwenye viwiko bila kushtuka. Alipomaliza, alimfunga mkaja, kile kitambaa cha kubana tumbo la mzazi. Ulikuwa wa kaniki, mkongwe, umeoshwa mpaka ukalainika kama ngozi. Baada ya kutoka, Warda aligusa maji ya beseni. Yalikuwa baridi kama ya mtungini. Chumba kilinuka udi.

Alisikia, ukumbini, Bi Kibibi akimkaribisha yule mwanamke kahawa. Walizungumza kwa sauti ya chini. Akasema moyoni, haya, wananijadili.

Akawa anakuja kila siku, saa nne kamili. Na kila siku, akifunga mafundo matatu ya mkaja, alitupa jicho chumbani na kutaja kitu kimoja.

"Kitanda kizuri. Lakini si hicho."

Kesho yake: "Kasha zuri. Lakini si hilo."

Warda aliielewa desturi. Katika nyumba ile mkandaji halipwi. Siku ya arobaini hukalishwa mbele ya mzazi, akaulizwa amependa nini humu ndani, na atakachotaja hakikataliwi. Wengi hutaja doti ya kanga, au kuku. Huyu alikuwa anachagua mapema, na hilo Warda aliliona ni tamaa tu.

Siku ya kumi na nne alirudi hospitali. Skolastika alifunua kidonda. Akawasha tochi ya simu.

"Ulipasuliwa lini wewe?"

"Si ulikuwepo, sista?"

"Nilikuwepo. Lakini hili ni kovu la mwaka mzima." Alipitisha kidole juu ya mstari mweupe. "Nani amekufunga hivi?"

"Mama mkwe amenitafutia mtu."

"Basi amshukuru Mungu," alisema Skolastika, lakini uso wake haukuwa wa mtu anayeshukuru.

Tangu siku hiyo Warda hakusikia maumivu hata kidogo. Aliinama, alichota maji, alipanda ngazi. Hapo ndipo shaka ilipokomaa. Yassini mumewe, aliyekuwa na kibanda cha simu Kilwa Masoko na kurudi jioni, hakuwahi kumkuta mkandaji. Yeye aliijua harufu tu, akidhani mama yake anafukiza. Mtoto Mastura, mlizi kweli kweli, alikuwa akinyamaza dakika yule mwanamke anapovuka kizingiti, macho wazi, akigeuza kichwa kumfuata. Na kitu kikitajwa, hakitajwi tena. Feni, si hiyo. Kioo, si hicho. Pete ya ndoa, "nzuri, lakini si hiyo." Warda akawa anajiuliza Bi Kibibi amempatia wapi mtu huyu, wamekubaliana nini, na kwa nini mama mkwe, kila anapoingia chumbani, hamtazami usoni.

Siku ya thelathini na nane mkandaji alifunga fundo la mwisho la mkaja, akaketi kidogo ukingoni mwa kitanda. Hakuwahi kuketi.

"Kesho kutwa arobaini, mzazi," alisema. "Vyote nimeviangalia. Kimebaki kimoja."

Kitanda hakikubonyea alipokaa. Mtoto alikuwa katikati yao.

Alipotoka, Warda alimfuata Bi Kibibi jikoni, amempakata Mastura kwa nguvu mpaka mtoto akagutuka.

"Mama, nisamehe. Huyu mkandaji wako utampa nini?"

Bi Kibibi aliacha kukuna nazi. "Mkandaji wangu?"

"Si wewe uliyemleta?"

"Mimi?" Sauti yake ilishuka. "Mwanangu, mimi nilijua ametumwa na kwenu Mchinga. Nikasema, wazazi wake hawaniamini, wamemtuma mtu wao. Nikaona aibu kukuuliza. Nikampa kahawa."

"Na mnayoongea?"

"Tunaongea mvua. Mimi ndiye ninayeongea." Alifuta mikono kwenye kanga. "Sisi na adabu zetu. Keti."

Akamweleza jambo ambalo hata Yassini hakulijua. Mume wake yeye Bi Kibibi, marehemu Suleiman, hakuwa mtoto wa kwanza. Alitanguliwa na Ridhiwani, aliyetolewa kwa kisu katika hospitali ya misheni, huko bara. Mkandaji alikuja mwenyewe. Upande huu ulidhani ameletwa na ule. Mama akapona upesi kupita kiasi, na siku ya arobaini mgeni akaulizwa amependa nini.

"Ridhiwani hakuwa na homa," alisema Bi Kibibi. "Alinyamaza tu. Mama mkwe wangu aliniambia jambo moja kabla ya kufa: 'Ningejua, ningemuuliza nani kamwita. Na ningemrudishia kazi yake yote, hata kama ningekufa na kidonda.'"

Warda alilishika kovu lake lisilouma. Akaelewa anachoombwa.

Siku ya thelathini na tisa, saa nne kamili, harufu ya udi ilitangulia ukumbini, ikapita mbele ya Bi Kibibi aliyeketi kwenye kizingiti cha chumba akisoma Ayatul Kursiyu bila kukatiza, ikaingia ndani ambako Warda alikuwa amesimama wima na Mastura amefungwa kifuani mwake kwa kanga mbili, na baada ya harufu akaja mwanamke mwenyewe na beseni lake, akasimama, akawatazama wote watatu kama mtu aliyekuta mlango aliouzoea umehamishwa.

"Shikamoo, bibi," alisema Warda.

"Marahaba."

"Nani alikuita?"

Maji ya beseni yaliacha kutokota. Warda alisikia mapigo ya moyo wa mtoto, na yake, na mengine ya tatu, ya polepole, yanayopiga chini ya mkaja, ndani ya tumbo lake mwenyewe, kana kwamba kuna mtu aliyekuwa amejilaza humo siku zote hizi akimsubiri aje kuuliza.

"Hakuna aliyeniita," alisema mkandaji. "Wala hakuna aliyeniuliza."

"Sasa nimekuuliza. Chukua kazi yako."

"Itauma, mzazi."

"Ni yangu."

Warda mwenyewe alifungua fundo la kwanza, na maumivu aliyokuwa hajayasikia kwa mwezi mzima yakaja yote kwa pamoja, ya kukohoa, ya kucheka, ya kuinuka kitandani, ya kila ndoo aliyoinyanyua. Akafungua la pili, akahisi ngozi ikiachia. Akafungua la tatu kwa meno yaliyokazwa huku Bi Kibibi akipaza kisomo, akaukunjakunja mkaja uliolowa damu, akauweka ndani ya beseni. Kisha akaanguka kwa ubavu, kama alivyofundishwa, mtoto juu.

Alipofumbua macho palikuwa na beseni tupu, na Mastura analia kwa sauti ya kupasua masikio. Bi Kibibi alikuwa amemshikilia kidonda kwa taulo.

"Lia, mwanangu," alikuwa akimwambia mjukuu. "Lia sana."

Warda alishonwa upya hospitalini, akalazwa siku kumi. Safari hii kidonda kilipona kama vidonda vinavyopona, kwa usaha kidogo, kwa mwasho, kwa kulala upande mmoja. Usiku Bi Kibibi alilala sakafuni chini ya kitanda chake, na hakuna aliyeona aibu kumwuliza mwenzake chochote.

Siku ya kuruhusiwa, Skolastika alimletea kadi ya kliniki.

"Umenitisha wewe. Mimba nyingine usikimbilie, miaka miwili, ikiwezekana mitatu." Akacheka. "Ila bibi yako nimeshamweleza, asubuhi hapo nje. Yule mrefu, mwenye buibui. Ndiye aliyeuliza utasubiri miaka mingapi."

Bi Kibibi, aliyekuwa akikunja nepi, alisimama na nepi mkononi.

"Alisemaje?" aliuliza Warda.

"Alisema si mingi."