Maswali ya Mama Kabula

"Nimeelewa, mwanangu. Endelea," kilisema kisikizi kilichokuwa juu ya meza, na Sekela akafungua ukurasa wa pili.

Kisikizi kilikuwa chombo kidogo, chenye kimo cha kikombe. Mashine-fasiri ya shirika la kupeleka mitambo vijijini, hapo makao makuu Dodoma, ilitafsiri mwongozo mzima wa mtambo kwa kufumba na kufumbua. Kisikizi kilisikiliza tafsiri hiyo kwa niaba ya wanavijiji na kusema kama inaeleweka. Kilichobaki kwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kilikuwa kuisoma kwa sauti, kisha kutia sahihi. Sekela, aliyekuwa anasomea shahada ya uzamili, alitakiwa kufunga, yaani kukamilisha kwa sahihi, miongozo arobaini. Huu wa mvunahewa, mtambo unaokamua maji kutoka hewani, ulikuwa wa arobaini, na mwisho ulikuwa leo saa kumi. Asipoufunga, angerudia mafunzo mwakani.

Alisoma ukurasa wa pili.

"Nimeelewa, mwanangu. Endelea."

Akasita. Akausoma tena, safari hii kuanzia sentensi ya mwisho kurudi ya kwanza.

"Nimeelewa, mwanangu. Endelea."

"Mzee Lugendo, hebu njoo usikie," aliita. "Hiki hata nikikisomea bei za kantini kitaelewa."

Lugendo, msimamizi wake, alisogea polepole. Alisikiliza. Hakucheka.

"Hiyo ni sauti ya Mama Kabula wa Urambo," alisema. "Alikuwa na mashine ya kusaga. Miaka ishirini na sita iliyopita tulikuwa wanafunzi sita katika chumba hiki, na simu moja. Kila Alhamisi tulimpigia na kumsomea tafsiri zetu, tuone kama anaelewa. Tukianza tu, anasema, 'Ngojeni nizime mashine.' Injini inakohoa, inanyamaza. Halafu anatuuliza mpaka tunatokwa jasho."

"Alikuwa anawaonea?"

"Sana. Mimi aliniita Bwana Kitabu." Alitabasamu, kisha tabasamu likaisha. "Simu zile zilirekodiwa. Walipoamua kutengeneza kisikizi, mimi ndiye niliyepewa kuzisafisha. Yabaki majibu yake tu, 'Nimeelewa, endelea.' Maswali yake yalihesabiwa kuwa kelele. Niliyakata moja moja, miezi minne. Baada ya hapo hatukumpigia tena."

"Yuko hai?"

"Sikuwahi kuuliza."

Sekela alitazama saa. Tisa na dakika arobaini.

"Namba yake unayo?"

"Ninayo kichwani. Lakini ukimpigia hutamaliza leo. Ninamfahamu."

"Sijauliza hilo, mzee."

Lugendo alipiga, akaweka spika. Simu iliita muda mrefu.

"Nani?"

"Shikamoo, mama. Ni Lugendo, wa shirika."

"Marahaba. Bwana Kitabu! Leo ni Alhamisi?"

"Jumanne, mama."

"Basi umekosa Alhamisi nyingi."

"Nimekuletea mwanafunzi. Anaitwa Sekela."

"Asome. Mashine niliiuza, hakuna cha kuzima."

Sekela akasoma ukurasa wa pili: "Kila baada ya siku thelathini, funga mvunahewa kwa siku mbili ili vichujio vikauke."

"Hapo hapo. Siku hizo mbili sisi tunakunywa nini?"

Sekela alitafuta chini ya ukurasa. Akapitia kurasa zote tisa.

"Haijaandikwa, mama."

"Yaani huko kwenu hakuna aliyeuliza?"

Lugendo aliinamisha kichwa.

"Kawaulizeni waliotengeneza," alisema Mama Kabula. "Na huko kuufunga, anafunga nani? Akiwa msibani je? Sasa niacheni, mguu unaniuma. Kesho pigeni saa nne, nitakuwa nimetoka kliniki. Tuanzie hapo hapo, msiruke."

Simu ikakatika. Kwenye kioo cha kompyuta, kitufe cha kufunga mwongozo kilikuwa bado kinawaka: dakika sita zimebaki.

"Nitamwandikia mkuu wa idara yako chuoni akuongezee muda," alisema Lugendo. "Siahidi kwamba atakubali."

"Asipokubali, nitarudi mwakani."

Sekela aliwaandikia mafundi waliotengeneza mvunahewa maswali matatu ya Mama Kabula. Kitufe kikazimika chenyewe.

Lugendo alivuta kiti, akaketi kando yake. "Kesho ukurasa wa tatu nisome mimi."

"Kwanza tumalize wa pili, mzee."